Chungu kimoja, masharti matatu

Nyumbani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, tunakula watu wanane, na watatu kati yao wana masharti ya daktari. Mama mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi, ana kisukari na presha. Shemeji yangu, ambaye wanangu wanamwita Ami, figo zake zimedhoofika. Hajafikia kusafishwa damu kwa mashine, na dua zetu zote ni asifikie. Binti yangu wa pili ana selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Sisi tuliobaki tunakula chochote.

Kupika nilifundishwa na Bibi mwenyewe nilipoletwa hapa nikiwa mwali: wali wa nazi, mchuzi wa papa, mbaazi, kisamvu, mikate ya kumimina. Kupika kwa masharti nimejifunza kidogo kidogo, kwa kumwuliza afisa lishe kila tunapokwenda kliniki, kwa kumpima Bibi sukari, na kwa kusimama jikoni nikifikiri. Naandika haya kwa sababu wanawake wenzangu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana wananiuliza karibu kila tukikutana. Siku hizi hakuna nyumba isiyokuwa na mtu wa presha au sukari, na wengi wao wamebeba mzigo huu peke yao.

Kila mgonjwa wetu alirudi kliniki na karatasi yake. Ya Bibi ilisema apunguze wali mweupe, ale dona, maharage na mboga za majani kwa wingi. Ya Ami ilisema wali mweupe ruksa, dona aiache ale sembe, maharage kwa kiasi kidogo, na mboga za majani zisiliwe mpaka zimechemshwa na maji yake yakamwagwa. Ya mwanangu ilisema ale kila kitu, ale kwa wingi, anywe maji siku nzima. Ukizipanga karatasi hizo tatu mezani unaona kwamba anachohimizwa Bibi ndicho anachozuiwa Ami, mwanawe wa kumzaa. Tena moja ilikuwa na orodha ndefu ya vilivyokatazwa, halafu upande wa vinavyofaa imeandikwa brokoli na samaki aina ya salmoni. Soko la Mgandini lina mchicha, matembele, mnavu, mlenda, majani ya kunde, kisamvu na mchunga. Kule Deep Sea, kwenye soko la samaki, asubuhi kuna vibua, changu, tasi na dagaa. Mgonjwa wa Tanga atibiwe kwa chakula cha Tanga. Hilo naliamini kabisa, na mtu akipewa karatasi isiyotaja hata kitu kimoja kilichoko sokoni kwake, ana haki ya kurudi kwa heshima na kuomba aelezwe upya.

Mawifi zangu walinishauri nifanye kama wafanyavyo wengi: wazima niwapikie chakula chao, na wagonjwa niwapikie kando, kila mmoja na kisufuria chake. Bibi alikataa kabla sijafungua mdomo. Alitukumbusha marehemu baba mkwe, ambaye naye alikuwa na presha. Chakula chake kilipikwa kando, hakina chumvi, hakina nazi, hakina hata kitunguu, kikafunikwa kwenye bakuli na kupelekwa chumbani. Yeye anakula huko peke yake huku akisikia wenzake wanavyozungumza uani. Bibi anasema mumewe hakukondeshwa na presha, alikondeshwa na lile bakuli. "Mimi msinifanyie hivyo," alisema. "Mnipikie mtakavyo, lakini nile na watu."

Basi kazi yangu ikawa hiyo: kila mtu apate kinachomfaa, na asiwepo hata mmoja wa kuondolewa mkekani.

Njia niliyoishika ni kupika chungu kimoja kwa kipimo cha yule mwenye masharti makali kuliko wote, kisha kuwaongezea wengine mwishoni. Chumvi unaweza kuiongeza wakati wowote, kuitoa huwezi. Tui ni hivyo hivyo. Kwa hiyo chakula kinaanza kikiwa chepesi, kinachotwa cha mgonjwa wa kwanza, kinaongezwa kitu, kinachotwa cha wa pili, na kinamalizikia kwa wale ambao hawana sharti.

Nitaeleza mchuzi wa vibua, kwa kuwa ndio tunaoupika mara nyingi. Nakuna nazi mbili. Maji ya kwanza ni ya vuguvugu na ni machache, kiasi cha kulowesha machicha tu. Nakamua kwa mkono, nachuja, napata kasimile, ile nzito inayoganda juu ya kijiko. Hiyo naiweka bakulini na kuifunika. Narudia kwa maji mengi zaidi, napata tui la pili, halafu la tatu, ambalo limekuwa jepesi na linapitisha mwanga. Zamani vyote hivi vingeingia chunguni, na kasimile ingemiminwa mwisho na kukorogwa taratibu isikatike. Siku hizi mchuzi unapikwa kwa tui la tatu peke yake.

Nakaanga vitunguu maji kwa mafuta kijiko kimoja cha chakula, na hapa sina haraka. Nasubiri mpaka vitunguu vigeuke rangi ya hudhurungi na vianze kushika chini, ndipo natia kitunguu saumu na tangawizi nilivyotwanga pamoja, halafu binzari nyembamba na manjano. Mchuzi usio na chumvi nyingi unategemea vitunguu hivi. Vikiwa vyeupe, mchuzi utakuwa maji. Vikiiva hivyo, hata asiye na masharti anaufurahia. Nyanya natia moja tu, maana Ami hatakiwi nyingi, na rangi iliyobaki naipata kwenye pilipili hoho nyekundu na manjano. Natia tui la tatu, likichemka natumbukiza samaki niliowapaka ndimu na pilipili manga, nafunika kidogo. Wakiiva, nachota cha Ami: kipande kimoja na mchuzi kidogo, nakikamulia ndimu. Ndipo natia chumvi, nusu kijiko cha chai kwa chungu chote, naacha ichemke, nachota cha Bibi. Chunguni sasa wamebaki wasio na masharti pamoja na binti yangu, na hao ndio wanaopata tui la pili na kasimile. Mchuzi unatulia, unakuwa mzito, unanukia uani kote. Wote wamekula mchuzi wa vibua, na hakuna aliyeletewa bakuli la peke yake lenye kifuniko.

Ndimu ndiyo iliyonisaidia kuliko kiungo kingine chochote. Ikamuliwe mwisho kabisa, chakula kikiwa kimeshaepuliwa. Ukali wake unaamsha ulimi, na ulimi ukiamka hautafuti chumvi sana. Baada ya wiki kadhaa ulimi wenyewe unazoea. Bibi sasa akila arusini anarudi akisema chakula cha watu kina chumvi mno.

Na chumvi yenyewe tusiitazame kwenye kijiko tu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hesabu hiyo ni ya chumvi yote, pamoja na iliyomo kwenye mkate wa dukani na ile unayonunua ukiwa njiani. Vile vidonge vya kuongezea ladha ya mchuzi kwa sehemu kubwa ni chumvi. Unga wa mchuzi wa pakiti nao mara nyingi umetiwa chumvi. Mimi nimeviacha vyote, nasaga viungo vyangu mwenyewe: binzari nyembamba, giligilani, pilipili manga, karafuu kidogo na iliki. Chumvi kidogo ninayotumia nahakikisha ni ya pakiti yenye madini joto, kwani watoto wanayahitaji.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni magadi. Magadi hayana ladha ya chumvi, kwa hiyo mtu anajiona yuko salama, lakini yana sodiamu kama chumvi, na sodiamu ndiyo inayopandisha presha. Sisi watu wa pwani tunatia magadi kwenye kisamvu, kwenye mlenda, kwenye maharage yaive upesi. Unaweza kumkuta mama wa presha ameacha chumvi kabisa, vidonge anameza kila siku, na presha haishuki. Mfungulie chungu chake cha maharage umwulize ametia nini. Maharage nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale, nabandika kwa maji mapya. Yanachelewa kidogo, ndiyo, lakini yanaiva. Kisamvu kikitwangwa barabara kinalainika bila magadi, ila muda wa kukichemsha usipunguzwe, maana kisamvu kisichoiva sawasawa kina sumu.

Kuna pia chumvi inayouzwa kama chumvi ya watu wa presha. Nyingi ya hizo sehemu ya sodiamu imebadilishwa ikawekwa potasiamu, madini ambayo figo dhaifu haziwezi kuyatoa vizuri. Huenda ikamfaa mtu mwenye presha ambaye figo zake ni nzima na daktari wake amekubali. Kwa Ami ni hatari kubwa. Nyumba yenye mgonjwa wa figo haifai kuingiza chumvi hiyo hata kwa ajili ya mtu mwingine, kwa sababu jikoni mikono ni mingi na makopo yanafanana.

Papa mkavu na ng'onda ni suala la moyo hapa Tanga, na Bibi bila papa si Bibi. Tumekubaliana hivi: namloweka usiku, nabadilisha maji mara kadhaa, namchemsha na kumwaga maji, kisha kipande kidogo kinachambuliwa na kuchanganywa kwenye mchuzi wa bilinganya kikawa kiungo cha kuonjesha. Harufu anaipata, ladha anaipata. Hatumpikii kila wiki.

Sukari ina habari yake. Afisa lishe alituambia tusikisie, tupime. Kwa kipindi fulani tulikuwa tunampima Bibi kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na mjukuu wake anaandika kwenye daftari: alikula nini, kiasi gani, kipimo kimesoma ngapi. Lengo aliloandikiwa ni isipite 10 (mmol/L) saa mbili baada ya mlo. Daftari lile limenifundisha zaidi ya karatasi. Uji wa dona usiotiwa sukari, ambao kila mtu alituhakikishia ni chakula cha mgonjwa wa kisukari, ulimpandisha Bibi kuliko ugali wa dona ule ule alioula na mchicha na samaki. Afisa lishe alipoona alitufafanulia: uji ni laini, umeshapikwa ukalegea, unashuka haraka tumboni na kugeuka sukari haraka. Ugali ni mgumu, na ukiliwa pamoja na mboga na samaki, mmeng'enyo unakwenda taratibu. Asubuhi siku hizi Bibi hapati uji. Anapata kipande cha muhogo wa kuchemsha au kiazi kitamu cha ukubwa wa ngumi yake, pamoja na kunde zilizolala na yai, na chai ya mchaichai isiyo na sukari.

Wali hatujamkataza. Mtu wa pwani ukimkataza wali umemwambia hana maisha tena. Kikombe kimoja cha chai cha wali uliokwisha kuiva kina gramu zipatazo 45 za wanga, na kwa mlo wake hicho ndicho kipimo chake. Nusu ya chakula chake ni mboga, robo ni samaki au kunde, na robo iliyobaki ni huo wali au ugali. Anaanza na mboga. Namshukuru Mungu kwa mchunga, ambao Bibi anaupenda na uchungu wake. Watu humwambia mchunga unatibu kisukari, na mimi humjibu kwamba ale kwa sababu ni mboga nzuri, na dawa zake anywe vilevile.

Sukari ya mezani haijafukuzwa nyumbani kwetu. Bibi anatumia dawa, na siku akichelewa kula sukari inaweza kushuka: anatoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamtatiza. Hapo anapewa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari mara moja, anapimwa baada ya robo saa, kisha anakula. Watoto wote wa nyumba hii wanajua kopo la sukari lilipo na wanajua la kufanya. Kwa hiyo unapojifunza kumpikia mtu wa kisukari, jifunze kwanza kupika kwa wakati. Chakula chake cha saa saba kiwe tayari saa saba.

Halafu kulikuwa na sinia. Hapa kwetu wanawake na watoto tunakula sinia moja, wanaume sinia yao. Utampimiaje mtu kikombe kimoja cha wali kwenye sinia ya watu watano? Afisa lishe alisema tumpe sahani yake. Bibi aliitazama ile sahani kama alivyokuwa akilitazama bakuli la marehemu mumewe, akaisukuma. Jibu tulilipata kwenye adabu tuliyofundishwa sote chuoni, yaani madrasa, tukiwa wadogo: kula kilicho mbele yako. Sinia naipakua kwa sehemu. Mbele ya Bibi naweka kikombe changu cha wali, nikiufinyanga uonekane, kando yake fungu kubwa la mboga na kipande cha samaki, na mchuzi wake mwepesi kwenye kibakuli. Mbele ya binti yangu wali ni mwingi na umenyweshwa kasimile. Katikati kuna kachumbari ya tango na vitunguu, ambayo haina chumvi, ina ndimu na pilipili, na kila mkono unaruhusiwa kuifikia. Hakuna anayevuka mpaka, kwa sababu kuvuka ni utovu wa adabu na watoto wanalijua hilo tangu hawajaota meno. Bibi yuko palepale, mabega yanagusana na wajukuu zake, anachambua miiba na kumpa mdogo.

Njia ya chungu kimoja inagota kwenye figo, na lazima niseme wazi. Figo za Ami haziwezi kutoa potasiamu vizuri, na potasiamu ikizidi kwenye damu mapigo ya moyo yanavurugika. Mtu anaweza kufa ghafla. Kwa bahati mbaya potasiamu ipo kwa wingi kwenye vyakula tunavyoviita bora: ndizi, parachichi, viazi, muhogo, magimbi, maboga, maharage, mchicha, nyanya, tende. Dafu nalo, ambalo hapa tunampa kila mgonjwa tukimwonea huruma. Mgeni akija kumjulia hali Ami na madafu mawili, tunayapokea kwa shukrani na kuyanywa sisi.

Hapa chakula cha mama na cha mwanawe hakiwezi kutoka sufuria moja, na nimekubali. Fungu la mchicha nalinunua moja, nikiligawa mara mbili. La Bibi naligeuza tu kwenye sufuria na vitunguu, lisikae motoni sana. La Ami nalikata, nalichemsha kwa maji mengi, namwaga maji yote, nakamua, ndipo natia viungo. Viazi vyake namenya, nakata vipande vidogo na vyembamba, nachemsha kwenye sufuria kubwa iliyojaa maji mpaka viive, namwaga yale maji, kisha naviunga kwa kitunguu na binzari. Potasiamu inatoka na maji, kwa hiyo vipande vikubwa havisaidii, na kuloweka tu bila kuchemsha kunasaidia kidogo. Supu ya maji hayo asipewe. Kuna siku naamua wote tule kabichi, bilinganya na hoho, ambazo potasiamu yake ni ndogo, na siku hiyo chungu kinarudi kuwa kimoja.

Ugali pia ni wa aina mbili, vipande viwili vidogo: dona la Bibi na sisi wengine, sembe la Ami. Kwenye kukoboa mahindi, kiini na maganda yanaondoka pamoja na potasiamu na fosforasi nyingi, ndiyo maana sembe linamfaa yeye. Mahindi ya dona nayachagua punje kwa punje kabla ya kupeleka mashine, yaliyovunda na yenye ukungu natupa, wala kuku siwapi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga za binti yangu nazichambua vivyo hivyo.

Samaki wa Ami ana kipimo, kipande kimoja si viwili, kwa sababu protini ikizidi figo zinachoka. Nimeambiwa kwamba mgonjwa akishaanza kusafishwa damu hesabu inageuka, anatakiwa ale protini zaidi. Kwa hiyo tafadhali, ukiwa na mgonjwa wa figo usinakili sufuria yangu. Masharti yao yanatoka kwenye vipimo vyao vya damu, na wapo wagonjwa wa figo ambao potasiamu haijawa tatizo na hawana sababu ya kunyimwa ndizi. Birimbi tu ndizo nitakazosema bila kusita: achari ya birimbi tunaipenda, lakini zina oksalati nyingi mno, kitu kinachoweza kudhuru figo. Ami hazigusi. Tunda lake ni nanasi au tofaa, kipande kidogo.

Binti yangu ndiye mwepesi kumpikia, ingawa ndiye ninayemwogopea usiku. Mwenye selimundu chembe zake nyekundu za damu zinaishi siku kati ya 10 na 20 hivi, wakati za mtu mzima wa afya zinafika 120. Mwili unatengeneza damu mpya bila kupumzika, na kazi hiyo inataka chakula. Yeye anapata kasimile, karanga, parachichi, mayai, maharage, maini mara mojamoja, na kidonge chake cha foliki asidi. Watu wema huniletea dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma. Simpi bila daktari, maana tatizo lake halikuanzia kwenye upungufu wa chuma, na chuma kikizidi kinajilimbikiza mwilini. Maji ndiyo kazi yetu kubwa. Ana chupa yake, anaijaza asubuhi, mchana na jioni, na joto la Tanga likipanda tunaongeza. Siku ambazo maumivu yamemshika hataki kula. Hapo namtengenezea uji wa ulezi wenye siagi ya karanga, anakunywa vijiko vichache, baada ya nusu saa vichache tena, na simlazimishi.

Ramadhani ndiyo mtihani wa nyumba yenye mgonjwa. Futari yetu karibu yote ni wanga: magimbi ya nazi, muhogo wa nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati zilizozama kwenye shira. Bibi hafungi. Daktari alimkataza, na sheikh wetu alimsomea aya za Suratul Baqara zinazompa ruhusa mgonjwa. Alilia siku ile, kwani alikuwa hajaacha kufunga tangu utotoni. Sasa anatoa fidia, anamlisha maskini kwa kila siku asiyofunga, na chakula hicho anakipika yeye mwenyewe. Anaketi kwenye mbuzi, anakuna nazi, anatia kasimile yote, anaonja kwa ncha ya ulimi na kumwita mtoto aje aonje vizuri zaidi. Magharibi anakaa nasi futarini. Tunapika aina moja ya wanga badala ya tatu, kinachobaki mkekani ni samaki wa kupaka, kunde, mboga na uji wa pilipili manga usiotiwa sukari kwa wanaotaka. Kaimati napika, ila shira inakaa kwenye bakuli lake na kila mtu anajichovyea. Bibi anakula moja, kavu.

Kuhusu gharama, najua ndilo swali linalofuata. Kibua ni rahisi kuliko nyama ya ng'ombe, mboga za Mgandini ni rahisi kuliko vyote, na chungu kimoja kinakula gesi kidogo kuliko vitatu. Soda tumeacha, vidonge vya mchuzi tumeacha, mafuta ya kupikia yanakaa karibu mara mbili ya zamani. Nilipojumlisha niliona matumizi ya chakula hayajapanda. Kilichopanda ni stripu za kupimia sukari, ambazo zinazidi bei ya kitu chochote kilichoko jikoni mwangu, na bima yetu haizilipii zote. Kwa hiyo pesa ya soda sasa inakwenda huko, na mume wangu anazinunua mwanzo wa mwezi kabla hatujanunua mchele.